Kivuli cha Kiota

Kazi yangu ni kukata nyuzi. Mafundi wakimaliza kushona sketi na mashati ya shule, nguo zinaletwa kwenye meza yangu zikiwa na nyuzi zinazoning'inia kwenye vifungo, mifuko na mapindo, nami ninazipunguza moja moja kwa mkasi mdogo unaotoshea kiganjani. Ukivuta uzi badala ya kuukata, mshono unafumuka. Ukikata kwa pupa, unatoboa kitambaa. Kwa hiyo nimezoea kutazama kitu kidogo kwa muda mrefu. Mkasi wenyewe hautoki mfukoni mwangu hata nikienda kanisani, kwa sababu pale karakana ukiacha kitu mezani hukikuti.

Mama Ciru ndiye aliyenifundisha ndege. Jina lake ni Wanjugu, lakini kwenye ploti yetu ya vyumba vya kupanga huko Riruta, Nairobi, hakuna anayemwita hivyo. Alifanya kazi ya nyumba Spring Valley miaka ishirini na sita, kwa bibi mmoja mzee aliyependa ndege kuliko watu, na yule bibi alipofariki alimwachia darubini na kitabu cha picha. Siku moja Mama Ciru alinikuta nimesimama kwenye kamba ya kuanikia, nguo mbichi mkononi, nikimtazama ndege chozi akinyonya maua ya jirani. Hakuniuliza ninafanya nini. Aliniuliza, "Umesimama hapo dakika ngapi?" Nikamwambia sijui. Akasema, "Basi Jumapili tutaenda pamoja."

Tuko watatu. Wa tatu ni Jamleck, anayefanya kazi kwenye duka la kuchapisha kadi za harusi River Road, na mdomo wake haujui kupumzika. Ndiye aliyetutengenezea daftari, jalada gumu la kijani, kurasa zimepigwa mistari: tarehe, saa, ndege, idadi, aliyeona. Mimi ndiye ninayeandika, maana mwandiko wangu unasomeka ingawa shule niliishia darasa la nane. Sheria ya daftari ni moja na ni ya Mama Ciru. Jambo la kuambiwa haliandikwi. Kama umeona kwa macho yako, jina lako linaingia safu ya mwisho. Kama hujaona, nyamaza.

Mahali petu ni hifadhi ndogo nyuma ya Spring Valley, pale kijito kinapopita katikati ya miti. Mwezi wa Januari, jua likiwa kali na nyasi zimegeuka rangi ya mkate, tulipata kiota. Kilikuwa juu kidogo ya kichwa changu, kwenye tawi jembamba lililoinamia maji, kidogo kama kikombe cha kahawa, kimefungwa kwa utando wa buibui. Mwenyewe ni ndege wa rangi ya kutu mwenye kichwa cheusi, na dume wake ana mkia mrefu mara mbili ya mwili. Kitabuni ana jina refu la Kiingereza. Sisi tulimwita Utepe. Dume na jike walikuwa wakipokezana kulalia mayai, na zamu ya dume ikifika mkia wake unaning'inia nje ya kiota kama utepe wa zawadi.

"Huyu anatuaibisha wanaume wa Riruta," Jamleck alisema siku tuliyomwona. "Ona ametulia kwa mayai, bibi ameenda zake."

"Wewe hata chai yako unapikiwa na kibanda," Mama Ciru akamjibu.

Kabla ya hapo tulikuwa tukienda mara moja kwa mwezi. Baada ya kiota tukaanza kwenda kila Jumapili, na sababu haikuwa kiota peke yake. Tangu Septemba Mama Ciru alikuwa na uvimbe shingoni. Ulianza kama ndimu. Kufikia Januari ulikuwa kama chungwa, unambana pumzi, na hakuweza tena kuinua kichwa wala kuinama. Opareshoni ilipangwa Alhamisi ya pili ya Februari. Daktari alimweleza Ciru, bintiye, na Ciru akanieleza mimi tukiwa bombani, kwamba uvimbe umekumbatia mshipa mbaya. Alifunga mfereji na ndoo yake ilikuwa haijajaa.

Mama Ciru mwenyewe alisema jambo moja tu kuhusu Alhamisi hiyo. "Mimi nataka kuwaona hao watoto wakiwa na manyoya. Nikishawaona, wanipeleke wanakotaka."

Jumapili ya mwisho ya Januari tukakuta mayai yameanguliwa. Mimi nilichutama chini ya kichaka nikaona vichwa viwili, uchi, midomo wazi, na jike akishusha mdudu. Jamleck akachutama akaona. Mama Ciru alibaki kwenye benchi la mbao, hatua kama kumi na tano kutoka pale, kwa sababu kuchutama kungemkata pumzi. Alielekeza darubini huku na huku.

"Naona majani," alisema. "Naona majani tu."

"Sogea kushoto kidogo, Mama Ciru," Jamleck akamwambia.

"Nimesogea mpaka mwisho wa benchi. Unataka niketi hewani?"

Tulicheka, lakini yeye hakucheka. Aliishusha darubini mapajani akaipangusa na kanga, akaipangusa tena. Jamleck alisikia sauti ya mdiria, ndege mvua samaki, upande wa chini akaenda kumtafuta. Tukabaki wawili.

"Siku ya pili leo," Mama Ciru alisema bila kunitazama. "Wanakaa kiotani siku kumi na moja, kumi na mbili. Jumapili ijayo watakuwa na siku tisa, manyoya yametoka, bado hawajaruka. Ndiyo siku yangu. Lakini kama ni kuona majani, hata kwetu kuna majani."

Nikasema, "Wacha niangalie kama kuna mahali pa kupenyeza macho."

Nilienda kusimama kati ya benchi na kiota. Nikaona ni majani matatu tu yaliyoziba. Nikatoa mkasi. Kiota sikukigusa, kwa sababu Mama Ciru alitufundisha hivyo siku ya kwanza: kiota hakiguswi, na mtu hasimami karibu nacho hadi ndege aanze kulia. Jike alikuwa ameondoka. Nilikata yale matatu. Nilipogeuka nikaona bado kuna kijitawi kinachokatiza, nikakikata. Halafu kingine nyuma yake. Ni kama shati: ukitoa uzi mmoja, unaouona ni ule uliokuwa umejificha chini yake. Nilipomaliza, majani yaliyokuwa mkononi mwangu yalikuwa kumi na moja na vijitawi viwili. Niliyatupa majini yakaenda.

"Jaribu sasa," nikamwambia.

Mama Ciru aliinua darubini. Halafu mkono wake mmoja ukaanza kunitafuta bila yeye kuondoa macho kwenye lenzi, ukanishika nguo.

"Wawili," alisema. "Syokau, wako wawili. Dume amekuja. Ameleta kipepeo, kipepeo mzima, na mabawa yake. Hao watoto watammeza vipi? Ai, mmoja amemmeza!"

Alikuwa akilia. Nilikuwa sijawahi kumwona akilia, hata siku alipoambiwa habari ya shingo. Niliandika daftarini: makinda wawili, saa tatu na nusu, aliyeona: Wanjugu. Jamleck aliporudi akashangaa.

"Mmefanyaje?"

"Upepo umegeuza tawi," nikasema.

Mama Ciru alikaza darubini machoni. Aliendelea kutazama.

Wiki iliyofuata karakana ilikuwa imejaa kazi. Shule zilikuwa zimefunguliwa na wazazi waliochelewa walikuwa wanapiga simu kutwa. Paa letu ni la mabati. Asubuhi meza yangu iko kivulini, lakini ikipita saa saba jua linaingia kwa dirisha la upande wa pili na kunipiga moja kwa moja, na Mercyline, tunayekaa naye meza moja, huwa anatundika kitambaa cha kaki tusiungue. Jumatano alikuwa anakitundika, kikaanguka. Jua likanimwagikia usoni na mikononi, moto kama wa pasi, nikafumba macho.

Hapo ndipo nikajua.

Nilikata majani asubuhi. Asubuhi jua liko upande wa kijito nyuma ya miti mikubwa, kiota kizima kiko kivulini, na mimi niliona majani hayana kazi pale. Sikufikiria saa nane mchana. Saa nane jua liko upande wa benchi, mahali ambapo hakuna mti, na kitu pekee kilichosimama kati yake na wale watoto uchi kilikuwa yale majani.

"Umeona jini?" Mercyline akaniuliza.

"Naomba kutoka mara moja."

"Wiki hii? Enda umwambie bosi, mimi nikiwa mbali."

Nilimwambia bosi. Alinionyesha rundo la sketi, halafu akanionyesha mlango, nichague. Nikarudi kukaa. Nilijiambia mama yao atawafunika. Nilijiambia siku hiyo kuna mawingu. Nilitoka nje kuangalia, hakukuwa na wingu hata moja, wala Alhamisi, wala Ijumaa.

Jumapili nilitembea mbele ya wenzangu. Jamleck alikuwa nyuma akimshika Mama Ciru mkono, akimwambia atamchapishia kadi ya wale makinda, kadi ya kung'aa, "Wanjugu na familia ya Utepe wanawakaribisha." Nilisikia Mama Ciru akijaribu kucheka na pumzi ikimkatalia.

Mmoja alikuwa bado kiotani. Alikuwa amelala kichwa kikining'inia ukingoni, mkavu, manyoya yameanza kutoka mabawani tu, kama ncha za kalamu. Wa pili alikuwa chini kwenye matope yaliyopasuka na siafu walikuwa wamemfikia kabla yangu. Nilisimama. Kitu kikapita karibu na sikio langu, ni dume, na mkia wake mrefu. Alitua kwenye tawi lile tupu na mdudu mdomoni. Akaangalia ndani. Akaruka akazunguka, akatua tena, mdudu bado yuko mdomoni.

"Syokau!" Mama Ciru aliita kutoka kwenye benchi. Alikuwa ameketi na alikuwa bado anatafuta kamba ya darubini shingoni, haijafika machoni. "Wakoje?"

Nilienda mpaka mbele yake nikasimama mahali ambapo mwili wangu uliziba.

"Wameruka," nikasema. "Kiota kitupu. Wameruka, Mama Ciru."

Alinitazama. Hakuinua darubini.

"Siku ya tisa?" aliuliza taratibu.

"Labda hao ni wa haraka."

"Labda," alisema, na akaangalia mikono yake.

Jamleck alikuwa ameenda kujionea. Nilimsikia akitukana kwa Kikuyu, halafu akapaza sauti. "Wameruka wapi? Wamekufa! Njooni muone. Mtu amekata miti hapa. Amekata matawi yote!"

Juu kidogo ya njia kulikuwa na kibarua akifyeka nyasi, kijana anayeitwa Muthama. Nilimfahamu kwa salamu, mtu wa kwetu Makueni, ambaye kila tukipita hutuuliza tumeona kuku wangapi. Jamleck alipanda akamfuata.

"Wewe! Ni wewe umepitisha panga huku kwa kijito?"

"Niaje, boss. Kuna nini?"

"Usiniite boss. Umeua ndege."

"Ndege gani? Mimi nafyeka nyasi. Nyasi hii hapa, na mimi ndio huyu."

"Matawi yamekatwa, na ni wewe tu uko na panga hapa ndani!"

"Manze, kwani panga ni mimi peke yangu Nairobi?"

Kelele ikamleta Selpher, msimamizi wa hifadhi, mama mrefu mwenye redio ya mkononi, anayetembea kama mtu anayehesabu hatua. Alisikiliza Jamleck mpaka mwisho. Akashuka akaangalia kiota, akapanda.

"Muthama, nilikuambia nini kuhusu miti ya upande wa maji?"

"Nisiguse, madam. Na sijagusa, haki ya Mungu."

"Mwezi wa kumi na mbili ulikata mche nilioupanda mimi mwenyewe."

"Huo nilikosa, nilisema nimekosa. Lakini huu si mimi."

"Basi ni nani, nyani? Weka panga kwa stoo. Kesho usije."

Muthama alibaki ameshika panga kama hajui linawekwa vipi chini. Alinitazama mimi, sijui kwa nini mimi. Labda kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nimenyamaza.

Mama Ciru alikuwa hatua chache kutoka pale, na alikuwa akisikia kila neno. Nilijua kwamba nikinyamaza ataenda Alhamisi akidhani ni panga la mtu asiyejua. Lingekuwa jambo rahisi kubeba. Nikisema, ataenda akijua watoto wale walikufa ili yeye awaone mara moja.

"Panga halikati hivyo," nikasema.

Wote wakageuka. Nilishuka, wakanifuata, nikavuta lile tawi kwa ncha nikawaonyesha. Panga linakata mshazari na kuchana ganda. Kikonyo kilichokatwa kwa mkasi kinakuwa bapa, na kingo zake zimebanwa kama mdomo uliofungwa. Nilitoa mkasi mfukoni nikauweka juu ya kikonyo, ukakaa sawasawa.

"Ni mimi. Jumapili iliyopita. Majani kumi na moja na vijitawi viwili. Muthama hajui lolote."

Jamleck alicheka kidogo, kama mtu anayengoja mwisho wa mzaha. Mwisho haukuja. "Ulisema upepo."

"Nilidanganya."

"Ulisema upepo, Syokau. Na mimi nikaamini upepo."

Selpher alinyoosha mkono, nikampa mkasi. Aliugeuza akiutazama. "Unaingia nao huku kufanya nini?"

"Ni wa kazi yangu. Nakata nyuzi."

"Kwangu hakuna nyuzi." Aliutia mfukoni. Akaandika jina langu na majina ya wenzangu wawili kwenye kitabu chake, akasema kikundi chetu kisionekane langoni mpaka atakapotuita. Halafu akamwambia Muthama, bila kumtazama, "Malizia hiyo nyasi." Hakumwomba msamaha. Muthama alipita akirudi kwenye nyasi zake, na aliponifikia akasema kwa Kikamba, chini chini, kwamba mwingine angenyamaza. Sikujua kama ni shukrani au ananishangaa.

Nilirudi kwenye benchi. Niliketi kwenye ukingo, mbali naye kidogo.

"Nilijua," Mama Ciru alisema.

"Umejua kwa kuwa ni siku ya tisa."

"Hapana. Nilijua ile Jumapili. Darubini inaonyesha kila kitu, mtoto. Niliona kikonyo kibichi, cheupe, kinatoa maji. Nikaona vitatu, vinne. Na mimi nimekaa na yule bibi miaka ishirini na sita, najua jani la mbele ya kiota linafanya kazi gani." Alipumzika ili avute pumzi. Ilikuwa na sauti kama ya mlango wenye kutu. "Ningesema siku ile tungefunga hata kanga juu yake. Ilikuwa inatosha."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema, ungeniondoa pale tukafunike. Na mimi nilikuwa bado naangalia."

Tangu Jumatano nilidhani nimebeba jambo hilo peke yangu. Kumbe alikuwa nalo pia, chumba cha tatu kutoka changu, na kila asubuhi tulisalimiana bombani.

Jamleck alikuwa amesimama mbali, mgongo kwetu, akichezea simu iliyoisha chaji. Dume alikuwa bado anakwenda na kurudi. Sasa mdomo ulikuwa mtupu lakini alikuwa bado anakuja, anatua, anaangalia ndani.

"Hebu daftari," Mama Ciru alisema.

"Leo tuache, Mama Ciru."

"Tumeona, hatujaona?"

Nikalifungua magotini. Niliandika tarehe. Kwenye ndege nikaandika Utepe. Kwenye idadi nikaandika makinda wawili, wamekufa kwa jua. Kwenye aliyeona nikaandika Syokau.

"Nipe darubini nione," alisema, ingawa ilikuwa shingoni mwake. Nikaelewa anataka nimsaidie kuinua. Niliishika upande mmoja, yeye upande mwingine, tukaiinua pamoja hadi machoni pake. Njia ilikuwa wazi kabisa, nilikuwa nimeikata vizuri. Alitazama muda mrefu kile kichwa kilichoning'inia ukingoni.

"Haya," alisema. "Andika na Wanjugu."

Nikaandika Wanjugu kando ya jina langu.

"Nisomee."

Nikamsomea mstari wote, tangu tarehe hadi majina yetu mawili. Alisikiliza amefumba macho, mkono umeshika shingo pale penye uvimbe.

"Umesahau saa," alisema.

Niliangalia simu. Ilikuwa saa nne na robo, na jua lilikuwa bado halijafika upande wetu.